Upande Mlima Mwezi Gani? Namna ya Kuchagua Msimu Kabla ya Kulipa Nauli

Mtu akishaamua kupanda mlima mrefu, swali lake la kwanza huwa: niende mwezi gani? Jibu analopewa huwa fupi: nenda wakati wa kiangazi. Jibu hilo si la uongo, ila halimsaidii anayeikodolea macho kalenda akiwa na siku kumi za likizo na fedha alizodunduliza mwaka mzima. Kiangazi cha wapi? Upande upi wa mlima? Na ni kitu gani hasa anachokikwepa?

Anza na hilo swali la mwisho. Kila mlima una jambo lake linalowarudisha watu njiani. Kuna unaorudisha watu kwa mvua, kuna unaowarudisha kwa theluji iliyoziba njia, kwa upepo, au kwa radi za alasiri, na kuna ambao vibali vyake huisha miezi mingi kabla ya safari. Ukishalijua jambo hilo, miezi ya kufaa hubaki michache na uchaguzi unakuwa mwepesi. Usipolijua, hata mwezi unaosifiwa na kila mtu unaweza kukuweka ndani ya hema siku nne ukisikiliza matone.

Hatua ya 1: Jua majira ya mlima wako yanaendeshwa na nini

Karibu na ikweta hakuna majira ya joto na ya baridi kama yale ya nchi za mbali kaskazini. Ukiwa juu ya mita 4,000, tofauti ya joto kati ya saa 8 mchana na saa 10 alfajiri ni kubwa kuliko tofauti kati ya Januari na Julai. Kinachobadilika ni mvua. Ukanda wa mvua hulifuata jua linapohama kaskazini na kusini, ukichelewa nyuma yake kidogo, na kwa hiyo hupita juu ya milima ya Afrika Mashariki mara mbili kwa mwaka. Ndiyo masika, Machi hadi Mei, na vuli, ambazo milimani huonekana zaidi Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Katikati hubaki vipindi viwili vikavu: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Kwa Kilimanjaro (mita 5,895) na Mlima Kenya (mita 5,199), hivyo ndivyo vipindi vya kupigania. Rwenzori ni habari nyingine. Kule mvua hunyesha mwaka mzima. Hupungua Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, lakini ni kupungua tu, na gambuti ni viatu vya kawaida katika mwezi wowote.

Ukienda mbali na ikweta, mwenye amri ni theluji. Njia ya kuzunguka mlima Mont Blanc, yenye urefu wa kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, hutembewa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Kabla ya hapo vipito vya juu, yaani sehemu ambapo njia huvuka kutoka bonde moja kwenda jingine, bado vimefunikwa, na vingine hubaki na theluji hadi mwanzoni mwa Julai. Baada ya hapo nyumba za wapanda mlima njiani huanza kufunga milango.

Kusini mwa dunia kalenda hugeuka. Aconcagua, mlima wenye mita 6,961 nchini Argentina na mrefu kuliko yote ya Amerika, hupandwa hasa Desemba hadi Februari. Nalisema hili kwa sababu kuna watu huandika "Julai" kwenye mipango yao kwa mazoea tu, bila kuangalia mlima uko upande gani wa ikweta.

Kundi la tatu ni milima inayoendeshwa na pepo za bahari. Anayezijua kusi na kaskazi hatapata taabu kuielewa Himalaya, kwa kuwa ni mfumo uleule wa pepo za Bahari ya Hindi unaogeuka kwa majira. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo hizo hubeba unyevu wa bahari na kuumwaga kwenye miteremko ya Nepal. Miezi ya kutembea huwa Oktoba na Novemba, mvua zikishaondoka, na Machi hadi Mei kabla hazijaja. Andes ya Peru nayo ina msimu mmoja mkubwa wa mvua, ambao kilele chake ni Januari na Februari, na ukavu wake ni Mei hadi Septemba. Njia maarufu ya kwenda kwa miguu Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, hufungwa Februari nzima kila mwaka ili ifanyiwe matengenezo. Hata ukikubali kulowa, hutapita.

Hatua ya 2: Mtaje adui kwa jina

Ukishajua kundi la mlima wako, andika kwenye karatasi jambo moja au mawili yanayoweza kukurudisha. Usiandike "hali mbaya ya hewa". Hilo halikuambii ubebe nini wala uondoke lini.

Mvua hudharauliwa kwa sababu kila mtu ameshawahi kunyeshewa. Kunyeshewa nyumbani ni kero, lakini kwenye mita 4,000, nguo zikishalowa na upepo ukianza, mwili hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Mfuko wa kulalia ukiingia maji siku ya pili, siku zote zinazofuata zimeharibika. Halafu mvua ya msituni huwa ni theluji juu, ndiyo maana anayepanda Kilimanjaro mwezi Aprili hupata tope la kufika kwenye vifundo vya miguu chini na njia iliyofunikwa karibu na kilele. Katika Nepal mvua huleta pia ruba kwenye njia za chini, na mawingu yanayozuia ndege ndogo kutua Lukla, uwanja ulio mita 2,860 ambao wengi huanzia hapo safari ya kwenda kambi ya chini ya Everest. Marubani hutua kwa macho, hivyo wasipoona hawaji. Kama mvua ndiye adui wako, kalenda yako inahitaji siku za ziada mwanzoni na mwishoni, si katikati peke yake.

Theluji nayo haitishi sana inapoanguka, inatisha inapolala. Huficha alama za njia, huziba nyufa za barafu, na hukulazimisha kuvaa chini ya viatu vile vyuma vyenye meno na kubeba shoka la barafu, vitu visivyo na faida mikononi mwa asiyefundishwa kuvitumia. Toubkal ya Morocco, mita 4,167, huwadanganya wengi kwa sababu iko Afrika na jangwa haliko mbali, lakini wakati wa baridi mlima huo unahitaji vifaa hivyo. Theluji inapoanza kuyeyuka hatari hubadilika sura: maporomoko huongezeka jua likipanda, na mto uliouvuka asubuhi kwa kukanyaga mawe huweza kukufika kiunoni alasiri.

Denali ya Alaska, mita 6,190, inafunza jambo jingine kuhusu theluji. Ukienda mapema mno, baridi ni ya kuua. Ukichelewa mno, madaraja ya theluji yaliyofunika nyufa za barafu hulegea na kubomoka. Katikati hubaki Mei hadi mwanzoni mwa Julai. Milima mingi iko hivyo. Msimu mzuri ni nafasi nyembamba kati ya maadui wawili, na unapaswa kuwajua wote wawili ili ujue ni upande upi usiousogelea.

Upepo husahaulika kwa sababu hauonekani kwenye picha. Huko juu angani, kwenye urefu wa vilele vya Himalaya, hupita mkondo wa upepo wenye kasi ya kutisha. Katikati ya Mei mkondo huo husogea kaskazini kwa siku chache kabla monsuni, yaani zile pepo za mvua za Bahari ya Hindi, haijafika, na ndiyo maana karibu wote wanaofika kilele cha Everest hufika katika wiki hizohizo. Patagonia, kule kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, iko kinyume na matarajio: majira yake ya joto, Desemba hadi Februari, ndiyo pia yenye upepo mkali zaidi. Wanaoujua ukanda ule husifu mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, upepo unapopungua na misitu inapogeuka rangi, ingawa baridi huwa imeanza kuuma.

Radi ni adui wa saa zaidi kuliko wa mwezi. Katika Alps, milima ya Ulaya ulipo Mont Blanc, na katika milima ya Rocky ya Marekani hasa Julai na Agosti, asubuhi huwa bluu tupu, mawingu huanza kujijenga saa 4 au 5, na baada ya saa 6 mchana ngurumo huanza. Ukichagua miezi hiyo, umechagua pia kuamka usiku wa manane na kuwa umeshateremka kutoka kileleni ifikapo adhuhuri. Asiyeweza kuamka mapema, au mwenye mwendo wa taratibu, atafute Septemba.

Hatua ya 3: Angalia upande wa mlima

Hapa ndipo watu wengi hupoteza nafasi nzuri. Mlima mkubwa hauna hali ya hewa moja. Upepo wenye unyevu ukifika upande mmoja hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga mvua yake hapohapo. Ukivuka upande wa pili umebaki mkavu.

Kilimanjaro inaonyesha hili waziwazi. Miteremko ya kusini, zilipo njia za Machame na Umbwe, hupokea mvua nyingi kuliko yote, na msitu wake mnene ni ushahidi. Rongai, inayopanda kutoka kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ni kavu zaidi. Kama likizo yako inaangukia ukingoni mwa msimu, tuseme wiki ya kwanza ya Juni au mwisho wa Oktoba, na huna namna ya kuisogeza, badilisha njia badala ya kubadilisha mwezi. Huo ni ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata palepale monsuni inapotawala. Mustang ya Juu nchini Nepal na Ladakh nchini India ziko nyuma ya ukuta wa Himalaya, na mvua nyingi huishia upande wa kusini. Mwenye nafasi Julai na Agosti tu anaweza kwenda huko, miezi ambayo ingekuwa kosa upande wa pili wa milima hiyohiyo.

Mlima Kenya una siri yake, na chanzo chake ni kukaa karibu kabisa na ikweta. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, hivyo kuta za kaskazini hupata jua na kukauka huku za kusini zikishika barafu. Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Wanaopanda miamba hadi Batian, kilele chake kirefu kuliko vyote, huchagua ukuta kwa kufuata mwezi. Anayetembea tu kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, haguswi sana na hilo, ila ajue ni upande upi atakaokanyaga theluji iliyoganda kivulini.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya baridi

Usikubali neno "baridi kiasi". Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua joto la mji ulio mguuni mwa mlima katika mwezi unaoufikiria, tafuta tofauti ya urefu, kisha toa. Mji ukiwa mita 900 na joto la mchana ni nyuzi 25, na kilele kiko mita 5,900, umepanda mita 5,000. Tano mara 6.5 ni 32.5. Kileleni mchana kutakuwa na nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, na alfajiri, wakati wengi wanapofika, kuna baridi zaidi ya hapo.

Kisha ongeza upepo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikiwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa huupoza uso ulio wazi kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Fanya hesabu hii kwa miezi miwili au mitatu unayoilinganisha. Mara nyingi utaona mwezi unaosifiwa kwa anga safi ndio wenye usiku mkali zaidi, kwa sababu mawingu ni blanketi, na blanketi likiondoka joto la ardhi hutoroka lote. Januari na Februari juu ya Kilimanjaro huwa na joto zaidi kidogo kuliko Julai na Agosti. Mtu anayeteswa sana na baridi ana sababu nzuri ya kuchagua mwanzo wa mwaka, hata kama mawingu ya alasiri ni mengi zaidi.

Hatua ya 5: Hesabu watu, vibali na vitanda

Miezi mizuri inajulikana na wote. Njia ya Machu Picchu huruhusu watu 500 tu kwa siku, na ndani ya idadi hiyo wamo wapagazi na waongoza safari, hivyo nafasi za Juni na Julai huisha mapema sana. Fuji ya Japani, mita 3,776, hufunguliwa rasmi kuanzia mwanzoni mwa Julai hadi karibu tarehe 10 Septemba, na wiki ya mapumziko ya katikati ya Agosti hujaza njia. Oktoba katika bonde la Khumbu, njiani kwenda Everest, anayefika jioni bila kuweka nafasi anaweza kulala kwenye chumba cha kulia chakula. Krismasi na mwaka mpya huijaza Kilimanjaro ingawa vuli zimeisha juzijuzi.

Basi wengi hushauriwa waende pembezoni mwa msimu, wakati watu ni wachache. Nakubaliana nao, lakini kuna ukingo wa mwanzo na ukingo wa mwisho, na si sawa. Pale adui ni mvua, napendelea ukingo unaofuata mvua. Vumbi limeoshwa, hewa ni angavu, vijito vina maji ya kutosha kambini, na vilele vimevaa theluji mpya. Mwisho wa Juni kwa Kilimanjaro na mwanzo wa Oktoba kwa Nepal ni wa aina hiyo. Ukingo wa kabla ya mvua una ukungu wa vumbi na moshi, na mawingu yanayoanza kujikusanya. Aprili ya Nepal ina utajiri wake, kwa kuwa miti ya rododendroni huchanua na misitu yote kuwa myekundu, lakini usiende Aprili kwa kutegemea kuona mbali.

Pale adui ni theluji, geuza. Mvua ikiisha imeisha. Theluji ikiacha kuanguka, bado iko chini inakusubiri. Mwanzo wa msimu wa Alps ni wa theluji iliyosalia, mwisho wake ni wa njia kavu. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo za Septemba ni bora kuliko wiki mbili za mwisho za Juni, mradi uhakikishe nyumba ya mwisho ya kulala haijafungwa kabla hujafika.

Kuna jambo jingine kuhusu bei. Katika miezi mibaya utapewa punguzo, na punguzo hilo ni la kweli. Lakini hupandi peke yako. Wapagazi ndio wanaobeba hema lililolowa, ambalo ni zito kuliko kavu, juu ya njia ya utelezi, wengi wao wakiwa na viatu na makoti duni kuliko yako. Kabla ya kuchukua safari ya masika kwa sababu ni rahisi, uliza wapagazi wamepewa vifaa gani vya mvua na watalala wapi. Kama jibu halieleweki, usiende mwezi huo na kampuni hiyo.

Hatua ya 6: Tazama mwezi wa angani

Safari nyingi za vilele vya juu humalizikia usiku. Kilimanjaro watu huondoka kambi ya mwisho karibu na saa 6 usiku ili wafike juu alfajiri. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kuzama linapochomoza, hivyo huangaza usiku mzima, na juu ya theluji unaweza kutembea ukiwa umezima taa.

Ukiukosa usiku wenyewe wa mwezi mpevu, usichague tarehe yoyote ya karibu. Chagua za baada yake. Siku tatu baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza jioni, lakini kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri uko juu, saa zile hasa unazouhitaji. Siku tatu kabla yake hali ni kinyume. Hukuangazia wakati wa chakula cha jioni, kisha huzama karibu na saa 9 usiku na kukuacha gizani kwenye mteremko mkali kuliko yote. Ubaya wa mwezi mpevu ni kwamba wengine nao wanaujua, na njia huwa na foleni.

Urefu wa mchana ni suala dogo kwenye ikweta, ambako ni saa 12 mwaka mzima. Katika Alps ni suala kubwa: mwishoni mwa Juni una zaidi ya saa 15 za mwanga, katikati ya Oktoba una 11 hivi. Anayetembea taratibu asipuuze saa hizo nne.

Hatua ya 7: Jipime wewe mwenyewe

Anayepanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza aende katikati ya msimu. Avumilie watu, alipe bei kamili. Pembezoni mwa msimu waachie wanaojua kusoma mawingu na wameshawahi kulala kwenye baridi.

Na usiruhusu mwezi mzuri ukupunguzie siku. Juu ya mita 3,000 inashauriwa urefu wa mahali pa kulala usiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Mwili unahitaji muda huo Agosti kama unavyouhitaji Aprili, na anga liwe bluu namna gani haliongezi hewa. Ukiwa na fedha za siku tano katika mwezi bora, au siku nane katika mwezi wa wastani, chagua siku nane. Nimeona watu wenye nguvu wakirudishwa chini usiku wenye nyota tele, wakitapika na kichwa kikiwagonga, kwa sababu tu waliharakisha.

Hatua ya 8: Uliza maswali yanayojibika

Ukimuuliza muuza safari "Aprili ni kuzuri?", atakujibu ndiyo, kwa kuwa Aprili hana wateja. Muulize hivi: mwaka jana mwezi huo mlipeleka makundi mangapi, na mangapi yalifika juu? Mvua huanza saa ngapi? Kambi ipi hujaa maji? Nikiahirisha kwa wiki moja, nalipa nini? Akikwepa maswali haya, umeshapata jibu. Ukiweza, zungumza na mwongoza safari aliyeteremka wiki hiyo. Yeye anajua njia ilivyo leo, wakati kalenda inajua ilivyo kawaida.

Miaka haifanani pia. El Niño huelekea kuongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa mwaka 1997, na mwaka wa namna hiyo Novemba si ya kubahatisha. Mamlaka za hali ya hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla mvua hazijaanza. Usome kabla ya kukata tiketi isiyorudishwa.

Hatua ya 9: Weka siku mbili za akiba na uwe tayari kuzitumia

Oktoba ndio mwezi unaopendwa kuliko yote katika Nepal. Katikati ya Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud yaliyotokea Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji nzito juu ya njia ya Annapurna, pamoja na kipito cha Thorong La chenye mita 5,416, siku ambazo njia ilikuwa imejaa watu. Waliokufa walizidi 40, wakiwemo watembezi, waongoza safari na wenyeji. Hawakukosea mwezi. Mwezi hukuambia lipi lina uwezekano mkubwa. Lipi litatokea Jumanne hii, hilo utalijua kwa utabiri wa siku chache na kwa macho ya wenyeji.

Kwa hiyo kuanzia siku kumi kabla ya kuondoka fuatilia utabiri wa urefu utakaofika, si wa mji ulio chini, na uangalie upepo pamoja na mvua. Kuna vimbunga? Fuatilia bahari pia, maana Ghuba ya Bengal ina vimbunga vyake Oktoba na Novemba, na tena Aprili na Mei, miezi ileile ya watembezi. Siku hizi mbili za akiba, tofauti na zile za kusubiri ndege, ziweke kabla ya siku ya kilele. Zikiwekwa mwishoni, hugeuka kuwa siku za kununua zawadi mjini. Na nauli ya kurudi ikate ikiwa na nafasi ya kusogezwa, kwa sababu mtu mwenye ndege kesho asubuhi huona mawingu meupe pale yalipo meusi.

Mwongoza safari akisema tusubiri hadi kesho, muulize chakula kilichobaki ni cha siku ngapi na maji ya kambi yanatoka wapi. Kisha kausha soksi zako, ulale.